Mbwa Aliyehamia Dindira

Ndugu msomaji, safari ya Dindira huanzia kwenye joto. Pale Korogwe mjini, saa mbili asubuhi, jasho lilikuwa limekwisha kuilowesha kola ya shati langu. Gari dogo nililopanda lilijaza watu, magunia ya unga, mabati na kuku, kisha likashika barabara ipandayo kuelekea Bumbuli na kutokea Soni. Mkonge ulikuwa umesimama mistari mistari kama askari wa gwaride. Halafu mlima ukaanza. Kila kona tuliyoipita ilitupunguzia joto kidogo, mpaka mama mmoja aliyeketi karibu nami akatoa sweta kapuni, akalivaa bila kusema neno. Abiria wengine nao wakafanya vivyo hivyo. Mimi peke yangu, mtu wa Dar es Salaam, nilikuwa nimekuja na shati la mikono mifupi.

Dindira ni kata ya Wilaya ya Korogwe, juu kabisa katika Milima ya Usambara. Ukifika huko, jambo la kwanza litakalokushika ni chai. Imetandazwa juu ya vilima kama busati la kijani kibichi, na wachumaji wamezama ndani yake hadi kiunoni, mikono ikienda upesi kuliko macho yanavyoweza kuifuata. Ukungu huja bila kubisha hodi. Unamtazama mtu akija njiani, mara hayupo, mara yuko mbele yako anakusalimu. Mawingu yakifunguka, huko chini kusini utaliona bonde la mto Pangani, na ng'ambo yake nchi kavu ya Handeni ikififia rangi ya majivu.

Katika misitu ya Usambara ndimo lilimookotwa, mwaka 1892, ua dogo la zambarau ambalo leo hii hupandwa katika vyungu kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani. Wazungu waliliita kwa jina la Mjerumani aliyelipeleka kwao, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala huko Tanga. Basi ua letu lilikwenda kukaa katika madirisha yao. Mimi nilikuwa nakwenda Dindira kwa ajili ya kitu kilichofunga safari ya kinyume chake. Nilikuwa nakwenda kumtazama mbwa.

Mjomba wangu, mdogo wa marehemu mama, amekwisha kupita umri wa miaka themanini. Wiki moja kabla alinipigia simu. Mjukuu wake wa kike alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni, mbali, na alihitaji godoro, sanduku la bati, sare na nauli. Wakati huo huo alikuwa ametokea mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale kutoka mjini, ambaye alitaka kuinunua gramafoni ya babu. “Njoo kwanza, mpwa wangu,” aliniambia, “kuna jambo nataka unijibu kabla sijaiuza.” Nilimwuliza ni jambo gani. Akasema jambo hilo si la kwenye simu.

Nilimkuta barazani, amejifunga shuka begani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumba yangu mtu mmoja mmoja, hata wale niliokuwa nimewasahau. Chai ililetwa, yenye iliki nyingi. Ndipo akamwita mjukuu atoe lile sanduku.

Ndugu msomaji, huenda nawe uliwahi kuliona sanduku la namna hiyo kwenu. Ni jeusi, kubwa kama begi la safari, na lina mshikio wa kulibebea. Kwa nje huwezi kujua ni kitu gani. Ukifungua kifuniko, unaona sahani ya mviringo iliyovikwa kitambaa, mkono wa sindano, na tundu la kutilia hendeli ya kukazia springi. Ni mfano wa 102, ulioanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1931. Babu aliununua Tanga baada ya vita kuu ya pili, kwa fedha aliyoitolea jasho katika shamba moja la mkonge huko bondeni, akaupandisha mlimani kichwani. Na pale ndani ya kifuniko, picha isiyozidi upana wa kiganja, ndipo alipoketi mbwa mweupe mwenye masikio meusi, ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza pembe ya shaba ya gramafoni.

Mjomba alimgusa mbwa yule kwa ncha ya kidole. “Nilipokuwa mtoto,” alisema, “fundi mmoja aliyekuja kutengeneza springi alitwambia kuwa mbwa huyu bwana wake amekufa, lakini sauti yake imebaki ndani ya chombo, na ndiyo anayoisikiliza. Nilimwamini. Baba yangu, babu yako, alikuwa akiimba kila jioni mbele ya chombo hiki, nyimbo zake mwenyewe za Kisambaa, wakati santuri ikizunguka. Alikufa mwaka 1958. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza. Watu wazima wenzangu walinicheka, nami nikaacha kusema. Lakini sijaacha kujiuliza. Mimi jibu nalijua, mpwa wangu. Ila nataka kulisikia kwa mtu aliyesoma. Je, hakuna namna yoyote ambayo sauti ya mzee imo humu?”

Sikuweza kumjibu kwa neno moja. Nilimwomba anipe nafasi nimweleze habari ya mbwa mwenyewe, na wewe, msomaji, nakuomba uketi nasi pale barazani uisikie.

PICHA KABLA YA ALAMA

Mbwa yule alikuwa mbwa kweli. Jina lake Nipper, alizaliwa mwaka 1884 katika mji wa Bristol. Bwana wake, Mark Barraud, alifariki mwaka 1887, akiwa hana kitu, na mbwa akachukuliwa na nduguye Mark, aitwaye Francis. Francis Barraud alikuwa mchoraji, tena wa ukoo wa wachoraji. Baba yake Henry na ami yake William walipata riziki yao kwa kuwachorea matajiri farasi na mbwa.

Hapa Mjomba alinikatiza. “Mtu anamlipa mtu mwingine amchoree mbwa?” Ndiyo, nilimwambia, na malipo yenyewe si madogo. Katika enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901, picha za mbwa za rangi za mafuta zilitundikwa katika majumba ya wakubwa sawa na picha za wazazi wao. Bingwa wao alikuwa Edwin Landseer, aliyezaliwa 1802. Kabla Victoria hajawa malkia, Landseer alikuwa amekwisha kumchorea mbwa wake, Dash. Baadaye akamchora Eos, mbwa mwembamba wa mbio wa Prince Albert, mume wa malkia, na mwaka 1850 akapewa heshima ya kuitwa Sir. Picha zake zilinakiliwa kwa kuchongwa kwenye bamba na kupigwa chapa, hata watu wa hali ya kawaida wakaweza kuzitundika ukutani. Ipo moja ya mwaka 1837 ambayo ingaliko London mpaka leo katika jumba la makumbusho la Victoria na Albert. Ndani ya kibanda cha mchunga kondoo mna jeneza, na pembeni yake hakuna mtu hata mmoja. Yupo mbwa tu, ameegemeza kidevu chake juu ya blanketi lililofunika jeneza.

Mimi sikulelewa katika kuwapenda mbwa, na sikufichi, msomaji, kwamba nyingi ya picha za namna hiyo naziona zimepakwa sukari kupita kiasi. Mbwa wa Landseer mara nyingi wana macho ya binadamu. Wakati matajiri wakiwalipia mbwa wao mchoraji, watoto wa maskini wa nchi hiyo hiyo walikuwa wakifanya kazi viwandani. Lakini ile ya jeneza imenishinda. Kila nikiitazama kitabuni, nasikia kimya cha kibanda kile.

Francis Barraud, basi, alirithi desturi hiyo. Nyumbani kwake kulikuwa na fonografu, chombo alichokibuni Edison mwaka 1877, na siku zile kilitumia silinda ya nta. Mbwa alizoea kuikaribia pembe yake na kushangaa sauti inatoka wapi. Nipper alikufa mwaka 1895, akazikwa Kingston, karibu na London, chini ya mforsadi. Miaka mitatu baadaye hivi ndipo Barraud alipomchora, kwa kumbukumbu. Mwezi Februari 1899 akaiandikisha picha yake ili kulinda haki. Hatimaye aliipa jina la Sauti ya Bwana Wake.

Watu wengi husimulia kuwa sauti ile ilikuwa ya marehemu Mark, na wako wanaoongeza kwamba mbwa ameketi juu ya jeneza. Fundi wa Dindira alikuwa ameipata hadithi hiyo, na sijui ilipitia midomo mingapi hadi kumfikia. Mchoraji mwenyewe alipoeleza wazo lake hakumtaja ndugu yake. Alisema tu kwamba mbwa alionyesha akili na mshangao, naye akaona hayo yangefaa kuchorwa. Kila mtu atachagua la kuamini. Jambo moja tu halina ubishi, nalo ndilo lililomhusu Mjomba: silinda ya nta iliweza kunasa sauti nyumbani kwa mtu. Baba aliweza kuzungumza mbele ya pembe jioni, na kesho yake watoto wakamsikia. Mbwa wa picha ya kwanza angeweza kweli kumsikia marehemu.

Lakini picha ya kwanza haikununuliwa. Inasimuliwa kuwa wafanyabiashara wa fonografu waliikataa wakisema kwamba mbwa hawasikilizi fonografu. Mwaka huo huo Barraud akaenda kwenye ofisi za Kampuni ya Gramophone huko London kuazima pembe ya shaba, kwa sababu pembe nyeusi aliyoichora iliitia picha giza. Meneja, William Barry Owen, akamwambia kwamba akiifuta fonografu na kuchora mahali pake gramafoni ya kampuni, wataichukua. Walimlipa pauni 50 kwa picha na pauni 50 kwa haki zake. Barraud akapaka rangi juu ya chombo cha zamani, akachora kipya. Wanaoitazama picha ile ya asili katika mwanga wa upande husema wanaiona bado fonografu chini ya rangi. Baadaye aliagizwa kuinakili mara nyingi; nakala alizozichora kwa mkono wake kabla hajafa mwaka 1924 zilifika 24.

Gramafoni, iliyobuniwa na Emile Berliner mwaka 1887, ilikuwa na sahani badala ya silinda. Sahani zilipigwa chapa kwa maelfu, zikauzwa kwa maelfu. Ila mtu wa kawaida hakuweza kuingiza sauti yake humo. Chombo kilitoa tu, hakikupokea. Siku Barraud alipoweka brashi chini, mbwa alikuwa amehamishwa kutoka mbele ya chombo kilichoweza kuhifadhi sauti ya nyumbani, akawekwa mbele ya chombo cha dukani.

Nilifika hapo nikanyamaza. Mjomba alikuwa akiutazama ukungu ukiingia uani. “Kwa hiyo hapana,” alisema. Nikamwambia, “Hapana, Mjomba.” Akatikisa kichwa taratibu. “Afadhali umeniambia na sababu yake. Wengine waliniambia hapana tupu.”

SANTURI YA TISA

Tulikuwa tumemaliza kikombe cha pili alipomwagiza mjukuu alete santuri. Zilikuwa tisa, nzito, za lakiri, zile za mizunguko 78 kwa dakika zenye wimbo wa dakika tatu kila upande. Nane zilikuwa za muziki wa dansi, zimekwaruzika. Ya tisa ilikuwa ya Siti binti Saad.

Hapana haja ya kukueleza, msomaji, Siti alikuwa nani. Mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyetembeza vyungu alivyofinyanga mama yake kabla hajajulikana kwa sauti yake, na ambaye Shaaban Robert, mwana wa Tanga, alimwandikia wasifu. Mwaka 1928 alivuka bahari pamoja na wenziwe hadi Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ile ile ya mbwa. Zilikuwa miongoni mwa santuri za kwanza kabisa za nyimbo za Kiswahili. Zikaja kwa meli, zikauzwa pwani, zikapanda bara kwa reli na kwa vichwa vya watu, na alama ya biashara ya kampuni iliyoziuza ikiwa ni mbwa yule yule. Siti alifariki mwaka 1950. Sauti yake tunayo, kwa kuwa alisafiri kuipeleka ilikohifadhiwa.

Lakini katika santuri ya tisa mbwa haonekani. Mahali pake, katikati, kumebandikwa duara la karatasi ngumu ya rangi ya udongo, limetobolewa tundu la kupitishia msumari. Nilimwuliza Mjomba sababu yake, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Santuri hii, alisema, ndiyo iliyopendwa na kaka yake babu, mtu wa msikitini, aliyekuwa akiishi nyumba ya jirani. Alimpenda Siti, ila hakukubali kusikiliza nyumbani mwenye picha ya mbwa, kwani alifundishwa kuwa malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala yenye picha, na hapa yote mawili yalikuwa yamekutana. Walibishana mwezi mzima. Mwishowe babu akafanya suluhu. Gramafoni iliwekwa barazani, kifuniko kikageuziwa upande wa uani, na mbwa wa kwenye santuri akafunikwa. Jioni kaka mtu akawa anakuja na kiti chake.

“Na hii karatasi?” niliuliza. Mjomba akaniambia niitazame vizuri karibu na dirisha. Ilikuwa na mistari midogo ya visanduku, na ndani ya baadhi yake alama zilizofifia. Nikaitambua. Kilikuwa kipande.

Kwa faida ya vijana nieleze. Katika mashamba ya wakoloni kibarua alipewa kadi ya siku thelathini. Akimaliza kazi aliyopimiwa siku hiyo, kisanduku kimoja kilitiwa alama. Asipoimaliza, siku ile haikuhesabiwa, hata kama alishinda juani toka alfajiri. Siku thelathini zikitimia ndipo alipwe. Hiyo ndiyo iliyoitwa kipande, na neno hilo wazee wengi hawawezi kulitamka bila kukunja uso. Babu alikuwa na kimoja ambacho hakikutimia. Alikatika kidole cha shahada kiwandani, akarudishwa nyumbani, na siku kumi na saba alizokwisha kuzifanya hazikulipwa. Alikihifadhi miaka mingi, huenda akitumaini. Siku ya suluhu na kaka yake alichukua mkasi.

Mjomba aliniongezea kichekesho kingine. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, tulipoanza kuitana Ndugu badala ya Bwana, yeye alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mwenzake mmoja akamwonya kuwa haifai balozi kuweka ndani picha ya mbwa anayetii sauti ya bwana. “Nikamwambia, wewe umepata wapi kwamba anatii? Mtazame. Anasikiliza tu. Hajaamua bado.”

Mfanyabiashara alifika kesho yake saa nne, kwa pikipiki iliyojaa tope. Alikuwa mtu wa adabu, na alikijua alichokuja kukinunua. Aliikaza springi, akaipima kwa sikio, akasifu rangi ya mbwa wa kwenye kifuniko ambayo ilikuwa haijachubuka kwa kuwa miaka mingi alikuwa amegeuziwa ukuta. Alitaja bei, Mjomba akataja yake, wakakutana katikati. Zile santuri nane za dansi alizichukua kama nyongeza.

Ile ya tisa aliigeuza mikononi muda mrefu. Alisema Siti peke yake ana bei kuliko zote nane, lakini si katika hali ile, kwa kuwa wanunuzi hutaka kuiona alama. Akasema anayo dawa ya kulowesha gundi. Karatasi ingebanduka katika muda wa saa moja, na yeye angeongeza fedha ambayo, kwa hesabu yangu ya haraka, ingetosha sanduku la bati na sare.

Nilitamani kusema neno, nikaona si langu. Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni, na fedha ile ilikuwa yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mjomba akamwuliza yeye. Binti yule akamtazama babu yake, akasema kwa sauti ndogo kwamba sanduku analo rafiki yake aliyemaliza shule, nalo litamfaa.

Mfanyabiashara aliifunga gramafoni nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mpira, akatuaga. Santuri ya tisa ilizungushiwa kipande cha kanga, ikawekwa juu ya kabati, na nyumbani humo hakuna tena chombo cha kuipigia.

Siku ya tatu godoro lilinunuliwa Korogwe, likapandishwa, ili kushushwa tena juma lililofuata. Jioni ile binti aliweka simu yake juu ya meza, akamwambia Mjomba aimbe japo wimbo mmoja kati ya zile za baba yake, simu itaunasa. Mjomba alikataa. Alisema kooni kuna mafua, kisha akasema maneno yamempotea, kisha akatusahau sote na kuanza kutazama mbingu. Simu ilikuwa ingali imewashwa. Nilipofika Dar es Salaam binti alinitumia alichokipata, nami ninacho hapa. Kinasikika kikombe kikiwekwa mezani, kikohozi, halafu sauti ya mzee ikisema godoro lile livikwe nailoni upande wa juu, kamba ipitishwe mara mbili, maana mvua inakuja.